Ziwa Limejaa, Mita Inazunguka: Gharama ya Ukoka Katika Nyumba za Kigoma

Ukitaka kujua nyumba ipi ya Kigoma inapata maji bila wasiwasi na ipi inasubiri zamu ya bomba, huna haja ya kuuliza. Pita Mwanga, Bangwe au Katubuka mwezi Agosti uangalie rangi ya ukoka. Nyumba nyingi zimebaki na uwanja wa vumbi, umefagiliwa tangu alfajiri kwa ufagio wa chelewa. Nyuma ya kuta chache nyasi ni za kijani kibichi, kana kwamba mvua haijakatika. Kinachozitofautisha nyumba hizo ni mpira wa kumwagilia na mita iliyopo mwisho wake.

Mvua ya Kigoma ina msimu mmoja mrefu. Huanza Oktoba au Novemba, ikaendelea hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kwa mwaka mzima hunyesha kama milimita 900 hadi 1,000, kiasi kinachomtosha mkulima wa mihogo, mwenye michikichi na hata mwenye bustani ya maua. Taabu ni kwamba mvua hiyo hujirundika upande mmoja wa kalenda. Juni, Julai na Agosti karibu haidondoki kabisa, na miezi hiyohiyo upepo wa kusini-mashariki unavuma ziwani na kukausha kila jani lililo wazi. Hapo ndipo mwenye ukoka hulazimika kuchagua: auache ugeuke kahawia, au afungue bomba.

Wengi wenye uwezo hufungua bomba. Si dhambi, maana maji ni yao, wameyalipia. Lakini wachache wamewahi kukaa chini na kuhesabu ukoka unakunywa kiasi gani.

Madumu 25 kwa siku

Hesabu yenyewe haihitaji kikokotoo. Maji ya kina cha milimita moja yakitandazwa kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Katika kiangazi chenye jua na upepo, nyasi za nchi za joto hupoteza milimita 4 hadi 5 kwa siku, nyingine kupitia majani na nyingine kupitia udongo. Chukua uwanja wa kawaida wa mbele ya nyumba, hatua kumi kwa kumi, yaani mita za mraba 100. Ili ubaki kijani unahitaji lita 400 hadi 500 kila siku. Hayo ni madumu 20 hadi 25 ya lita 20.

Kwa mwezi, ukoka huo umekunywa uniti 12 hadi 15, kila uniti ikiwa lita 1,000. Ukimwagilia kuanzia Juni hadi Septemba, umefika uniti 50 au 60 kabla hujapika ugali wala kufua shuka moja.

Sasa linganisha na binadamu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mmoja anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku ili kunywa, kupika, kuoga, kufua na kukidhi mahitaji mengine ya msingi. Kwa kipimo cha chini, uwanja ule wa hatua kumi kwa kumi unatumia maji ya watu kumi. Kwa kipimo cha juu, unatumia maji ya familia ya watu watano.

Na hapo tumechukulia kwamba kila tone linafika kwenye mzizi. Kwa kweli hakuna anayemwagilia hivyo. Mpira wa nusu inchi wenye presha nzuri hutoa lita 10 hadi 20 kwa dakika. Kijana wa bustani akiuacha umelala sehemu moja huku akiongea na simu kwa saa nzima, zimemwagika lita 600 hadi 1,200. Sehemu kubwa ya maji hayo yatazama chini kuliko mizizi, mengine yatatiririka hadi mfereji wa barabarani, na mengine, kama ni saa saba mchana, yatapeperushwa na upepo.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 230,000 katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Tuseme, kwa mfano tu, kuna nyumba 1,000 zenye ukoka wa ukubwa huo zinazomwagilia kila siku. Nyumba hizo zingetumia lita 500,000 kwa siku kwa ajili ya nyasi pekee, kiasi ambacho kingewatosha watu 10,000 kwa kipimo cha lita 50. Maji ya kifuu ni bahari kwa chungu: kinachoonekana kidogo kwenye bili ya mmoja ni siku nzima ya maji kwa mwingine.

Ziwa si bomba

Hapa ndipo mwenyeji wa Kigoma hucheka. Atanyoosha kidole kuelekea magharibi na kuuliza: hilo lote unalionaje?

Ana haki ya kuuliza. Ziwa Tanganyika lina urefu wa takribani kilomita 670 na kina kinachofika mita 1,470. Duniani ni Ziwa Baikal la Urusi pekee linalolizidi kwa kina. Karibu sehemu moja kati ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia katika hali ya kimiminika imo humo, ikigawanywa na Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Jua peke yake hugeuza mvuke zaidi ya uniti milioni 100 za maji yake kila siku. Ukoka wote wa Kigoma ukinyweshwa usiku na mchana, ziwa halitajua.

Wala ziwa halipandi na kushuka kwa sababu ya wanaochota. Karne ya 19 lilikuwa juu zaidi ya leo, kwa kuwa mto Lukuga, mlango wake pekee wa kutokea kuelekea Kongo, ulikuwa umezibwa na mchanga na magugu. Mpelelezi Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika hapo mwaka 1874, na mpelelezi mwenzake Stanley akafuata mwaka 1876. Karibu mwaka 1878 kizuizi kile kilivunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takribani mita kumi. Ndiyo maana mahali pa kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji leo pako mbali na maji. Katika miaka ya karibuni mambo yamegeuka: ziwa limepanda na kuingia kwenye nyumba, hoteli na miundombinu ya ufukweni, kuanzia upande wetu hadi Bujumbura.

Kwa hiyo hoja ya kwamba ukoka utakausha ziwa haina miguu. Lakini mwenye ukoka hamwagilii kwa ziwa. Anamwagilia kwa bomba, na kati ya ziwa na bomba kuna kazi ndefu.

Maji huvutwa na pampu, husafishwa na kutiwa dawa, husukumwa hadi kwenye matangi ya vilimani, kisha hushuka kwa mabomba hadi mitaani. Uso wa ziwa uko karibu mita 770 kutoka usawa wa bahari, na mji umejengwa kwenye miinuko. Hata uwanja wa ndege, ulio mahali tambarare, uko zaidi ya mita 800. Kupandisha uniti moja ya maji kwa mita 100 kunakula zaidi kidogo ya robo ya uniti ya umeme, kabla hujahesabu kinachopotea kwenye pampu na msuguano wa mabomba. Kwa miaka mingi Kigoma ilikuwa nje ya gridi ya taifa ikiendeshwa na jenereta za dizeli. Aliyeishi enzi hizo anakumbuka kwamba umeme ukikatika, bomba nalo lilinyamaza.

Gharama hiyo ndiyo inayoingia kwenye bei zinazoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na kukusanywa na KUWASA, mamlaka ya maji ya Kigoma. Unapolipa bili, maji yenyewe ni ya Mungu. Unalipia umeme, dawa, bomba na fundi.

Presha nayo ina ukomo. Bomba moja linapopita mitaa mingi, waliojenga chini wakifungulia mipira ya bustani jioni, wa mlimani hubaki wanasikiliza upepo kwenye koki. Wasio na koki kabisa hununua kwa dumu. Hata dumu likiuzwa shilingi 100 tu, uniti moja imefika shilingi 5,000. Asiye na bomba ndiye anayelipa zaidi kwa kila lita, na hapati hata tone la kuchezea.

Dawa inayomwagwa chini

Kuna jambo jingine ambalo watu wa pwani ya ziwa hawapaswi kuhitaji kukumbushwa. Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa kaskazini mwa Gombe, kipindupindu kiliwavamia na watu wapatao 30 wakapoteza maisha ndani ya wiki chache. Maji yalikuwa yamewazunguka. Yaliyokosekana yalikuwa maji salama na vyoo. Kichocho nacho kinaendelea kuwapata watu kwenye fukwe za ziwa hilihili, hasa penye majani na konokono.

Lita iliyosafishwa ni kinga. Imetiwa klorini ili mtoto wa Gungu au Buzebazeba ainywe bila kuharisha. Ukoka hauna tumbo la kuugua, na klorini hauiombi. Tunapoumwagilia kwa maji ya bomba, tunatumia bidhaa ya afya kutunza rangi ya majani.

Ujiji wa miembe, Kigoma ya nyasi

Ukoka kama pambo la nyumba si wa zamani sana huku. Ujiji ni mji wa karne ya 19, mji wa soko la watumwa, pembe na chumvi, uliokaliwa na Waha, Wamanyema, Waarabu na Waswahili wa pwani. Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, kilichowapa kivuli kilikuwa mwembe, na hadi leo mji huo unajulikana kwa miembe yake. Uwanja wa nyumba ulifagiliwa ukabaki udongo mtupu, kwa sababu za watu wenye akili: nyoka aonekane, mihogo ianikwe, watoto wacheze, wageni wa msiba wapate pa kutandika mikeka. Aliyetaka ubaridi alipanda mti.

Kigoma ya bandari ilipanda chati baadaye. Reli ya Kati ilifika mwaka 1914, na ghuba yake yenye kina ikaipita Ujiji kwa meli kubwa. Wajerumani wakajenga stesheni, boma na jumba la kilimani ambalo wenyeji hulihusisha na Kaiser, mfalme wao. Waingereza walipochukua nchi, nyumba za maofisa ziliendelea kuzungukwa na majani yaliyokatwa mafupi. Majani hayo yalitunzwa kwa mikono ya vibarua, na yakawa sehemu ya cheo: mwenye ofisi ana ukoka, asiye na ofisi ana vumbi.

Cheo hicho tumekirithi. Leo ukoka wa aina ya paspalamu au kapeti unauzwa kwa mita ya mraba na kutandikwa kabla hata rangi ya ukuta haijakauka. Hoteli za ufukweni hupigia harusi picha juu yake. Mpira wa miguu nao una madai yake: fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga ilichezwa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika tarehe 25 Julai 2021, katikati ya kiangazi. Uwanja wa nyasi za asili wenye vipimo vya mita 105 kwa 68 unaweza kuhitaji hadi lita 35,000 hivi kwa siku katika msimu kama huo. Lakini uwanja wa mpira unatumiwa na umma. Ukoka wa nyumbani mara nyingi unatumiwa na macho tu.

Usiung'oe

Ukiyasoma haya ukadhani ninataka jembe lipite kila uwanja, sivyo. Kigoma ni mji wa miteremko. Mvua ya Novemba ikiikuta ardhi tupu huibeba hadi ziwani, na makorongo ya mitaani ni ushahidi. Udongo huo unapotua kwenye miamba ya ufukweni hufunika chakula na makazi ya samaki wadogo wenye rangi ambao wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Ukoka kwenye mteremko hushika udongo, hupunguza vumbi na hupoza ukuta wa nyumba. Huo ni utumishi, na unastahili kubaki.

Swali ni kama lazima uwe kijani Agosti. Jibu ni hapana. Ukoka wa kienyeji una mashina yanayotambaa chini ya ardhi. Ukikosa maji huacha majani yakauke na kulala, kisha mvua za kwanza zinapogusa ardhi huchipua upya. Kahawia ya kiangazi ni usingizi. Aina za kununua kama paspalamu huvumilia kidogo zaidi au kidogo pungufu, lakini hata hizo hazidai maji kila siku.

Anayetaka kuzisaidia afanye hivi. Amwagilie mara moja kwa wiki au siku kumi, kwa kina, milimita 20 hivi, ili mizizi ifuate maji chini badala ya kusubiri juu. Amwagilie kabla jua halijachomoza na upepo haujaanza. Kupima ni rahisi: weka makopo matupu ya nyanya sehemu tatu nne za uwanja, na maji yakifika upana wa kidole gumba ndani ya kopo, funga koki. Kwenye kukata, asiyanyoe majani hadi ardhi ionekane. Ayaache marefu sentimita tano au zaidi yajipe kivuli, na vipande vilivyokatwa vibaki palepale viwe mbolea.

Maji ya kufulia na kuoshea vyombo yasipotezwe. Yakiwa hayana dawa kali ya madoa wala mafuta mengi, yaelekezwe kwenye shina la mwembe, mchikichi au mgomba. Maji ya mvua nayo ni ya kukinga, ila tuseme ukweli wake. Bati la mita za mraba 100 linaweza kukinga zaidi ya lita 70,000 kwa mwaka, lakini simtanki la lita 5,000 likitumika kwa ukoka ule wa hatua kumi kwa kumi linakwisha katika siku kumi hadi kumi na mbili. Maji ya mvua yatawatosha watu, mboga na miche. Ukoka wa kiangazi hayatauweza.

Dawa kubwa ni kupunguza eneo. Bakiza ukoka pale mnapokaa na pale penye mteremko. Kwingine panda mti wa kivuli, mchaichai, au matembele yanayotambaa na kufunika ardhi huku yakiingia chunguni. Mwembe ukishapita miaka yake ya kwanza hauhitaji mpira wa kumwagilia, na hutoa ubaridi ambao ukoka hautautoa kamwe.

Wenye hoteli na nyumba za wageni zilizo ufukweni wana njia nyingine: kumwagilia kwa maji ghafi ya ziwa badala ya maji yaliyosafishwa. Lakini kuvuta maji ziwani kwa pampu kunahitaji kibali, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ipo hapohapo Kigoma kwa kazi hiyo.

Wenzetu walisubiri mpaka yawafike

Miji mingine ilijifunza kwa shida. Cape Town, Afrika Kusini, ilipokaribia kubaki na mabwawa matupu mapema mwaka 2018, kila mkazi alipangiwa lita 50 kwa siku na kumwagilia bustani kwa maji ya bomba kulikuwa kumepigwa marufuku. Jimbo la Nevada, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2021 inayokataza maji ya mto Colorado kutumika, kuanzia 2027, kwenye nyasi za mapambo za maofisi na kando ya barabara ambazo hakuna anayezikanyaga. Nyumba za familia hazikuguswa na sheria hiyo. Karibu na sisi, wakazi wa Dar es Salaam waliingia kwenye mgao wa maji mwishoni mwa Oktoba 2022 baada ya mto Ruvu kupungua. Wakati huo hakuna aliyehitaji mhadhara kuhusu ukoka.

Kigoma haitegemei mto wa kukauka, na hiyo ndiyo hatari yake. Ziwa lililojaa hutufanya tuamini kwamba bomba nalo limejaa. KUWASA ingeweza kuanza na jambo jepesi: kila tangazo la matengenezo au mgao litaje wazi kwamba bustani zinasubiri. Mwenye nyumba naye hahitaji tangazo. Juni ikiingia, asome mita yake asubuhi, amwagilie kama alivyozoea, aisome tena, kisha agawe lita hizo kwa idadi ya watu wa nyumbani kwake. Ikiwa nyasi zinakunywa kuliko watoto wake, afunge koki na kuusubiri Novemba. Ukoka utarudi kwa mvua. Lita iliyosafishwa ikimwagika chini haizoleki.